Hatua Arobaini za Michongoma

Jumapili asubuhi Mwanabaraka aliegesha gari penye lango la shamba, akashuka na chupa ya chai mkononi, na kabla hajatia ufunguo kwenye kufuli akaona mwanga mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga. Upande wa mashariki, ambako kwa miaka sita hakuwahi kuona kitu ila majani na miiba, sasa aliona barabara. Aliona basi jekundu likipita. Aliona hata abiria mmoja wa ghorofa ya juu, mwanamke aliyevaa kofia ya sufu, na yule mwanamke naye akamtazama.

Chupa ya chai ikamtoka mkononi.

Ua ulikuwa umekatwa. Si wote, maana ua wa shamba lile ulizunguka ekari kumi na mbili, lakini kuanzia langoni kwenda mbele alihesabu kwa miguu yake mwenyewe hatua arobaini. Michongoma iliyokuwa imempita kimo ilibaki visiki vya urefu wa goti, vibichi, vimekatwa mshazari na mtu anayeijua kazi. Matawi yalipangwa marundo manne, yote yameelekezwa upande mmoja. Chini pamefagiliwa. Pamefagiliwa, jamani, hata jani kavu halikuachwa!

Alijua papo hapo ni kazi ya nani. Landani nzima ina watu zaidi ya milioni nane, na mmoja tu kati yao anaweza kufagia chini ya michongoma.

Sasa, ili mtu asimwone mwanamke huyu kuwa ni punguani, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili kukaa kwenye umande na kushika kichwa kwa ajili ya miiba, inafaa zielezwe sheria za nchi ile. Kule ua wa miti mpakani mwa shamba si ua tu. Ni nyumba ya ndege na nyuki, na serikali imejipa kazi ya kuwalindia nyumba yao. Kuanzia tarehe mosi Machi mpaka mwisho wa Agosti mkulima haruhusiwi kuukata, kwa sababu ndege wanataga na kulea. Hata kulima karibu yake hairuhusiwi. Ukipima kutoka katikati ya ua, mita mbili ziachwe zijiotee majani yake. Na juu ya sheria kuna ruzuku. Zamani mkulima alilipwa kwa wingi wa ardhi aliyonayo, alale au aamke. Siku hizi analipwa kwa namna anavyoitunza, na Mwanabaraka alikuwa na mkataba wa miaka mitatu wa kutunza ua.

Na hapo ilikuwa Aprili, ndege wamo kazini.

Bado hatujafika kwenye kinachotisha. Shamba halikuwa lake. Lilikuwa la Bwana Kishor, mzaliwa wa Tanga, mzee mwenye Kiswahili kilichonyooka na karatasi zilizonyooka zaidi. Katika mkataba wa kupanga, kifungu cha kumi na moja kilisema kwamba ruzuku ikivunjwa kwa kosa la mpangaji, shamba litarudi kwa mwenyewe ndani ya siku ishirini na nane. Siku ya kutia saini Kishor alimsomea kifungu kile mara mbili, kisha akamwambia, “Mwana, mimi na wewe ni watu wa pwani, tutaheshimiana. Lakini karatasi haina pwani.” Na tangu mwaka jana kulikuwa na watu wenye magari ya mizigo waliotaka kuliweka lami shamba lile wapate pa kuegesha. Kishor hakumficha. Alisema tu kwamba kwa sasa mpangaji anaye.

Shamba lile ndilo lililomtoa Mwanabaraka kwenye kunyanyua watu. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwalisha na kuwageuza wazee kwenye nyumba za kulelea za Ilford, mpaka mgongo ukagoma. Siku hizi alikwenda zamu tatu tu kwa wiki, na siku zilizobaki alizimalizia pale, nje kidogo ya Hainault, mahali ambapo Landani inachoka na kuacha kujenga. Alipanda giligilani, vitunguu, maharage, na mchicha kwenye mabanda ya nailoni, akiuza kwenye maduka ya Ilford Lane. Akipapoteza pale hapati pengine. Alikwishatafuta, na hakuna anayempangishia ardhi mwanamke wa makamo kutoka Pemba ambaye hakusomea kilimo popote.

Na mkaguzi wa ruzuku alikuwa anakuja kesho, Jumatatu, saa nne asubuhi.

Aliingia kibandani kutafuta maji ya kunywa, na humo akakuta kitu kilichomwogofya kuliko visiki. Kwenye kigoda, pembeni mwa dirisha, palikuwa na kiota. Kilikuwa kimewekwa juu ya kitambaa safi, kwa adabu, kama sahani ya mgeni. Ndani mlikuwa na mayai manne madogo, ya buluu iliyokolea. Akayagusa kwa ncha ya kidole. Yalikuwa baridi.

Kukata ua ni kosa la ruzuku. Kuharibu kiota chenye mayai ni kosa la polisi. Alichukua kreti tupu ya mboga akakifunika, juu yake akatupia magunia, kisha akatoka na kufunga mlango kana kwamba kiota kitamfuata.

*

Baba yake, Mzee Soud, alikuwa sebuleni Ilford, kwenye kiti chake, redio ikizungumza peke yake. Alikuwa na miaka themanini na moja. Alikuja Landani miaka ya shida za Pemba, akafanya kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala la Edmonton mpaka alipozeeka, na Kiingereza chake kilibaki pale pale ghalani: “yes,” “no,” “finish,” na “welcome” ya kuongezea. Siku ambazo binti yake yuko zamu, alipanda basi akaenda shamba kufungua na kufunga mabanda na kumwagia mchicha maji. Ndiyo furaha yake iliyobaki, na Mwanabaraka hakuwahi kumwekea mipaka.

“Sabalkheri, baba.”

“Sabalkheri, mwanangu. Ushafika shamba?”

“Nimefika.”

“Umeona?”

Alimtazama. Mzee alikuwa amejiegemeza mbele, macho yanang'aa, anasubiri sifa zake.

“Nimeona, baba.”

“Siku tatu,” akasema, akainua mikono yake iliyochanwa na miiba mpaka kwenye viwiko. “Alkhamisi, Ijumaa, na jana. Mundu ule una makali, alhamdulillahi. Si mwenyewe ulisema mezani? Mkaguzi wa serikali anakuja, na anachotazama zaidi ni ua. Nikasema, huyu mtoto yuko kwa wazee wake, hana nafasi. Mie nipo tu. Sikuumaliza wote, lakini hapo mbele atakapoingilia pashakuwa pazuri.”

Ni kweli alisema. Jumatano, wakati wa kula, alisema maneno yale yale: mkaguzi anakuja, anatazama ua zaidi. Mzee alimega mkate wake akaendelea kula. Naye Mwanabaraka hakufikiri kuongeza neno moja, yaani kwamba mkaguzi huyu anataka kuuona ua umesimama. Miaka sita anazijua sheria zile kwa moyo, na hakuwahi kumweleza mtu aliyekuwa akishinda humo shambani.

“Lakini baba,” alianza, “huku mambo ya ua…”

“Hawa watu nawajua mie,” mzee akamkata. “Bwana shamba akija hatazami ulichopanda. Atazama kichaka. Akikuta kichaka mpakani, ashapata sababu. Sie kule Mtambwe tulikuwa na eka tatu za mikarafuu. Mwaka mmoja mvua ikawa nyingi, hatukuwahi kufyeka. Akaja na kijibuku chake, akatazama magugu, akaandika. Hakusema hata neno. Mwezi wa pili yake anachuma mtu mwengine.” Akatikisa kichwa. “Kwako wewe hawatapata sababu. Nimeifagia.”

Mwanabaraka akasema ahsante, baba. Angesema nini? Kumwambia mzee yule kwamba alichokifanya kuwazuia wasilichukue shamba ndicho kitakacholichukua, lilikuwa jambo ambalo ulimi wake haukukubali kulibeba. Akaenda jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikike, akalia.

Siku ile nzima aliogopa. Aliogopa akipika, aliogopa akisali, na katika sijda aliomba dua ambayo mtu hafai kuiomba: gari la mkaguzi liharibike njiani. Namba ya simu ya idara ya ruzuku ilikuwepo kwenye barua pepe ya mkaguzi. Angepiga tu, Jumatatu asubuhi ofisi ikifunguliwa, akaeleza, labda wangemsikiliza. Ndiyo njia iliyonyooka, na yeye aliijua. Lakini mtu aliyejaa hofu haendi kwa njia iliyonyooka. Badala yake alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kumtafuta mtu wa kubebeshwa kosa. Wafanyakazi wa halmashauri? Hao huacha karatasi. Vijana wahuni? Wahuni gani wanaofagia! Wezi? Ameibiwa nini, miiba? Mwishowe alitulia kwenye neno moja lisilo na uso wala jina. Atasema ni watu wasiojulikana.

*

Jumatatu alitaka kumwacha mzee nyumbani, lakini alipotoka alimkuta kwenye gari amekwishafunga mkanda, kanzu nyeupe chini ya koti zito, kofia iliyoshonwa kwa mkono kichwani, na mapajani birika la kahawa lililofungwa kwenye taulo pamoja na kibati cha halua. Mgeni hapokewi na mtu mmoja, alisema. Ili amshushe ingebidi amweleze sababu. Akawasha gari.

Mkaguzi alifika saa nne kasoro dakika ishirini, mapema, jambo ambalo lilimtetemesha Mwanabaraka hata kabla hajamwona uso. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, wa miaka thelathini hivi, buti zimejaa tope la mashamba mengine, tableti chini ya kwapa. Alijitambulisha kuwa anaitwa Seema. Gari lake dogo la kijivu aliliegesha nje ya lango la nyuma, upande ambao ua ulikuwa mzima, na kwa kuwa alitokea barabara ya magharibi hakuwa ameona lolote.

“Welcome, welcome!” Mzee Soud akamlaki, akamkalisha kibandani, akammiminia kahawa. Seema alionja halua, akafumba macho kidogo, akaomba kipande cha pili. Mwanabaraka alisimama mbele ya rundo la magunia na hakuketi.

“Mtoto mdogo hivi!” mzee akamnong'oneza bintiye. “Ndiye huyu?”

“Ndiye.”

“Mwambie tumefanya usafi.”

“Nitamwambia, baba. Wewe kaa hapa, usije kwenye baridi.”

Wakatoka wawili. Mwanabaraka akampitisha kwa nyuma, magharibi kwanza, kisha kusini, kisha kaskazini kwa kukatisha katikati, akimpigia hadithi ndefu za vitunguu. Seema alitembea polepole. Alisimama, akapima kwa kamba, akapiga picha, akachungulia ndani ya matawi. Alisifu. Alisema ua wa kusini ni mzuri kuliko wote aliouona mwaka huo, na kwamba ni furaha kumkuta mkulima anayeziacha zile mita mbili bila kuiba hata mstari mmoja wa mboga. Kila sifa ilimwingia Mwanabaraka kama sindano. Alijua kila hatua inampeleka wapi, na alikuwa ameanza kuhema kama mtu anayepanda ngazi.

Wakakata kona ya mashariki.

Seema alitembea hatua zote arobaini mpaka mwisho, akarudi, akapiga goti mbele ya kisiki kimoja na kukigusa kwa kidole gumba. Kidole kikatoka na unyevu.

“Hii ni ya lini?”

“Wikiendi hii,” Mwanabaraka akasema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu wa mbali. “Nilikuwa kazini. Nimekuja jana nikakuta hivi.”

“Ni nani?”

“Sijui. Watu tu. Watu wasiojulikana.”

Seema aliyatazama marundo manne. Alitazama ardhi iliyofagiliwa. Kisha akainua tableti akaandika, na Mwanabaraka aliona midomo ya mkaguzi ikitamka herufi kimyakimya wakati anaandika uongo ule.

“Pole sana,” Seema akasema. “Basi hili si langu peke yangu. Mtu akiingia shamba la watu na kukata ua wakati huu wa mwaka, lazima niwaarifu polisi. Wana afisa wa mambo ya wanyamapori. Na ikiwa kulikuwa na viota, atalichukulia kwa uzito sana.” Aligeuka akaelekeza mkono barabarani. “Habari njema ni kwamba atampata aliyekata. Mabasi yale yana kamera mbele.”

Wakati ule ule basi likapita, jekundu, refu, linang'aa. Mwanabaraka akaliangalia mpaka likapotea. Kila dakika kumi na mbili kwa siku tatu basi lilipita pale. Ndani ya kila moja kulikuwa na jicho, na kila jicho lilimwona mzee mwenye kofia ya Kizanzibari, ameinama na mundu, anaikata michongoma na kuifagia. Polisi wataileta picha ile mpaka sebuleni. Watagonga mlango, naye mzee ambaye hata tarishi akigonga huenda chumbani na kujifungia, atafunguliwa mlango na polisi.

Hapo akasikia nyuma yake mburuzo wa kanzu kwenye majani.

“Mwana! Mbona hiki umekificha?”

Mzee Soud alikuwa anakuja taratibu, mikono miwili mbele, na kwenye mikono alikuwa amebeba kiota. Hakumtazama binti yake. Alimwendea mgeni moja kwa moja, akakiinua ili aone vizuri.

“Mwoneshe,” akasema. “Mwambie sikuvunja hata moja. Nimekitoa kwa mkono, polepole, nikakiweka pasipo upepo.”

Seema aliyaangalia mayai yale kwa muda. Akayagusa, kama Mwanabaraka alivyoyagusa, kwa ncha ya kidole. Akaiona mikono iliyochanwa. Alipoinua uso, ulikuwa uso mwingine.

“Anasema nini?” akauliza.

Hakuna mtu mwingine pale aliyezijua lugha zote mbili. Mwanabaraka angeweza kusema chochote. Angesema mzee amekiokota barabarani. Angesema ana miaka themanini na moja, akili zimemruka. Hilo la pili lilimfika mpaka kwenye meno, na lingepita, maana wazee wa namna hiyo alikuwa amewahudumia miaka kumi na tisa na alijua jinsi ya kuwaeleza. Lakini baba yake alikuwa amesimama pale anamtazama mdomoni, akisubiri maneno yake yafike kwa mgeni kama alivyoyatoa, na Mwanabaraka akaona aibu kubwa kuliko hofu.

“Anasema hakuvunja hata moja,” akasema. “Huyu ni baba yangu. Yeye ndiye aliyekata. Nilimwambia unakuja kutazama ua, nikamwachia hapo hapo, sikumweleza sheria. Kwao ukiacha kichaka mpakani serikali inakunyang'anya shamba. Amefanya usafi kwa ajili yako.” Akavuta pumzi. “Na mimi nimekudanganya.”

Mzee akawaangalia mmoja mmoja, akaona machozi ya binti yake, na furaha yote ikamtoka usoni.

“Kuna nini, Mwana?”

Ndipo akamwambia. Alimwambia pale, mbele ya visiki, yale ambayo angemwambia miaka sita nyuma kwa kikombe cha chai. “Baba, huku ua haukatwi wakati huu. Ni kosa. Wanaweza kulichukua shamba.”

“Kwa kukata?”

“Kwa kukata.”

Mzee Soud akakiweka kiota juu ya kisiki, akahakikisha kimekaa sawa, akapangusa mikono kwenye koti, akageuka na kuondoka. Mwanabaraka alitaka kumfuata, lakini Seema alikuwa ameanza kusema na yeye hakuthubutu kumpa mgongo.

“Nisikilize vizuri,” Seema akasema. “Hayo ya kwanza uliyoniambia sijayatuma. Ningeyatuma, na uongo ukagundulika, mkataba wako ungekufa leo hii, na mimi nisingekuwa na la kukusaidia.” Akafuta, akaanza kuandika upya. “Hili ni kosa la mara ya kwanza, limefanywa bila kujua, na pande tatu ziko vizuri kuliko za wengi. Utapata barua ya onyo. Upande huu hautalipwa mwaka huu. Visiki usiviguse, vitachipua vyenyewe, na penye mapengo utapanda miche wakati wa baridi. Kiota nitakiandika kama nilivyokiona na kama alivyosema mwenyewe. Sidhani kama kuna atakayekuja kumsumbua mzee.”

“Na mkataba?”

“Mkataba upo.”

“Sijaupoteza?”

“Hujaupoteza.”

Ilibidi akae chini. Alikaa pale pale kwenye ardhi iliyofagiliwa, akasema alhamdulillahi mara tatu, akacheka, akalia tena, na Seema akamsubiri kwa subira ya mtu aliyewahi kuwaona wakulima wengi wakilia. Hofu haikumtoka yote kwa mpigo. Alipoweza kusimama alitaka kitu kimoja tu, nacho ni kumpa baba yake habari.

Hakumkuta kibandani. Vikombe vilikuwa vimeoshwa na kupinduliwa, kibati cha halua kimefungwa, na ufunguo wa mabanda ya nailoni umewekwa juu ya meza, katikati, mahali ambapo mtu hawezi kukosa kuuona. Akaita. Akachungulia banda la kwanza, la pili, la tatu. Ndege walikuwa wanapiga kelele upande wa kusini na hakuna aliyemjibu.

“Samahani,” Seema akaita kutoka lango la nyuma. “Kuna mtu kwenye gari langu.”

Mzee Soud alikuwa ameketi kiti cha nyuma cha gari dogo la kijivu. Amefunga mkanda. Vifungo vyote vya koti amevifunga mpaka shingoni, kofia ameinyoosha, na mapajani ameshika mfuko wa plastiki wenye dawa zake za presha na kitana. Alikuwa anatazama mbele.

Mwanabaraka akafungua mlango. “Baba, unafanya nini humu?”

“Mwambie niko tayari.”

“Tayari kwenda wapi? Shuka, baba. Yamekwisha. Shamba limebaki.”

“Kombo alikataa kupanda,” mzee akasema.

“Kombo nani?”

“Kaka yangu.”

Miaka hamsini na mbili, na Mwanabaraka hakuwahi kusikia kwamba baba yake alikuwa na kaka.

“Bwana shamba alirudi na gari,” mzee akasema, sauti ndogo, bado anatazama mbele. “Akamwambia panda, tukazungumze mjini. Kombo akasema siendi popote, hili shamba langu. Wakampandisha wenyewe. Shamba likenda, na yeye akenda, hatukumwona tena. Mie nipo nyuma ya mlango, nashuhudia. Ningetoka nikapanda mie, huenda wangemwachia.” Akakaza mkanda. “Leo nimepanda mwenyewe. Hakunisukuma mtu. Mwambie hivyo hivyo, Mwana, mwambie mzee amepanda mwenyewe, shamba akuachie.”

“Amekwishaniachia, baba. Wallahi ameniachia. Hakuna anayekwenda popote.”

Mzee akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anavyomkubalia mtoto, na mkanda hakuufungua. Mwanabaraka alimvuta kiwiko, naye akajikaza. Alimwambia mara ya tatu, na ya nne. Mwisho akazunguka gari, akafungua mlango wa pili, akaketi karibu naye, akaushika ule mkono uliochanwa.

Nje, Seema alikuwa amesimama na ufunguo mkononi, akiuliza kwa mara ya pili, kwa upole, mzee anataka apelekwe wapi.